Shairi Lenye Jina Langu

Mwalimu hakuwa na sauti kubwa. Siku hizi wanaomkumbuka husema alisikika mpaka ng'ambo ya bonde, lakini hayo yameongezwa na miaka. Alisoma chini chini, polepole, na mtu aliyesimama mlangoni akitaka kwenda zake alijikuta amesogea ndani hatua moja, kisha nyingine, mpaka amekaa.

Nilimjua kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa mkuu wa shule ya misheni kijijini kwetu, juu huko milima ya Pare, upande wa Chome, ambako kutoka stesheni ya Makanya ulipanda nusu siku nzima kwa miguu, na zaidi ukiwa na mzigo kichwani. Jumapili mchana, baada ya ibada na baada ya watu kula makande yao, wazazi wetu walikuja darasani, wakakaa kwenye madawati yetu magoti yakikaribia kidevu, wakasubiri shairi. Hatukuwa na redio. Gazeti lilipofika lilikuwa limeshafungiwa sukari. Shairi la Mwalimu ndilo lililotupa maneno ya kuzungumza wiki nzima.

Aliyaita mashairi ya nyumbani. Hayakuwa ya vita wala ya mapenzi. Yalikuwa ya mama anayeshona viraka huku akiwasubiri wanawe, ya baba mzee anayeomba kabla ya kugusa chakula, ya mtoto aliyekufa na nguo zake zikabaki kwenye kamba. Kila moja lilikuwa na fundisho mwishoni, nalo lilikuwa karibu lile lile kila mara: kaa kwenu, vumilia, fanya kazi yako ndogo kwa uaminifu, Mungu anakuona. Sisi wakulima, ambao hakuna aliyewahi kutuandika popote isipokuwa kwenye daftari la kodi, tulishangaa kusikia kwamba jiko la mama na jembe la baba vinaweza kuingia kwenye shairi. Mama yangu alikuwa akirudi nyumbani baada ya kusomewa, anafagia jikoni upya.

Nguo zake zilikuwa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, soksi ndefu, na miwani ambayo mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa uzi mweusi. Aliosha mikono kabla ya kushika kalamu. Vipande vya chaki vilivyobaki alivikusanya kwenye kopo, na mtoto aliyekanyaga kimoja alikiokota na kukiomba radhi kipande chenyewe, darasa zima likisikiliza. Ukimwamkia shikamoo huku umeinama kwa haya, aliitika marahaba, halafu anakwambia unyooke useme tena, kwa sababu heshima haisemwi na shingo iliyovunjika. Alitufundisha kwamba mtu asiandike neno asiloweza kumsomea mama yake. Niliishika amri hiyo kuliko zile kumi.

Hatukumwuliza mashairi anayatoa wapi. Tulisema "shairi la Mwalimu" kama tunavyosema kahawa ya fulani, na yeye hakukanusha. Kwenye rafu ya juu nyumbani kwake kulikuwa na kitabu kinene kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Inasemekana alipewa na bibi mmoja Mmarekani, katika wale wamisionari waliokuja kushika kazi baada ya Wajerumani kuondolewa, ambaye Mwalimu alimfanyia kazi ujanani na kujifunza Kiingereza kwake. Sisi watoto tuliambiwa ni kitabu cha adabu za Kizungu, tusikiguse. Hatukukigusa.

Nguvu ya maneno yake niliiona kwa macho yangu kabla haijanifika mimi. Jirani yetu mmoja, fundi seremala, alikunywa pombe ya miwa mpaka watoto wake walikuja kwetu kuomba viazi. Mwalimu hakumgombeza. Jumapili moja alisoma shairi la msichana aliyetumwa na mama yake kumwita baba kilabuni, akasimama nje kwenye baridi mpaka akaugua. Fundi alikuwa amekaa nyuma. Alitoka kabla ya mwisho, na siku ya pili mkewe alituonyesha vibuyu vyake vitano vimepasuliwa nyuma ya nyumba. Hakunywa tena mpaka alipokufa.

Na Mwalimu mwenyewe alikunywa. Kila aliposhuka Makanya kupokea vitabu na chaki zilizoletwa na treni, alilala huko siku moja zaidi ya ilivyohitajika, na aliporudi alipanda mlima akitafuna tangawizi. Watoto tuliotumwa kumpokea mizigo tuliinusa ile tangawizi na kilichokuwa chini yake. Tulicheka tu. Tuliona kwamba mtu aliyewaachisha wengine amejipatia ruhusa yake.

Kwake hakukufanana na mashairi yake. Hakula na wanawe. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu, alilima peke yake na kubeba kuni peke yake, na mwaka mfereji wa maji ulipobomoka alisimama kwenye tope na wanaume kuuziba, mahali ambapo mumewe alipaswa kusimama, mumewe akiwa ndani ananakili ubeti. Mama yangu aliwahi kumwambia kwamba amebahatika kuolewa na mtu anayeijua thamani ya nyumba. Mama Mwalimu akajibu bila chuki yoyote, "Mume wangu anaipenda nyumba ikiwa kwenye karatasi."

Mama yangu alicheka, akadhani ni utani wa wake kwa wake.

Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na minne. Alishikwa na homa siku nne, ya tano akatuacha: baba, mimi, wadogo zangu wawili wa kiume, na Naelijwa, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeambiwa kwamba nimefaulu mtihani wa shule ya bweni ya wasichana, upande wa Kilimanjaro. Mtaa wetu wote ulipewa nafasi moja, na nafasi ilikuwa yangu. Mama alikuwa amekwisha kunishonea gauni la safari. Kwenye msiba shangazi yangu alimwambia baba mbele ya watu kwamba atawachukua wadogo zangu kwake mpaka nimalize, na baba akakubali. Nilikuwa ninamlilia mama na wakati huo huo ninajua kwamba nitakwenda. Sijui kama nimewahi kumwambia mtu hilo.

Siku ya tatu baada ya maziko Mwalimu alikuja kwetu. Alikaa na baba, akaitikia salamu za wazee. Kisha akatoa karatasi mfukoni na kusema, "Hili nimemwandikia Nakundwa."

Jina langu lilikuwa juu kabisa, kwa ule mwandiko wake wa kulala. Chini yake kulikuwa na beti saba za msichana ambaye ndugu zake wakubwa waliondoka kwenda kutafuta maisha mjini, naye akabaki nyumbani kwa mama aliyefariki, akikoleza moto na kulea wadogo, ukungu ukishuka juu ya paa na migomba ikitikisika uani. Ubeti wa mwisho ninaujua mpaka leo:

Walikwenda wenye mbio, kutafuta cha dunia,
Ukabaki we mwanangu, moto ukiangalia,
Mikono yako midogo, mbinguni waisifia,
Taji lako li jikoni, usiifuate njia.

Alipomaliza, baba alikuwa analia. Shangazi alikuwa analia. Wazee ambao hawakulia kaburini walikuwa wameinamisha vichwa. Naelijwa alikuwa mapajani mwangu ameshika kidole changu, kama vile naye alikuwa amewekwa humo kwenye shairi. Niliona ukungu wenyewe mlangoni ukishuka kutoka msitu wa Shengena. Niliamini mtu mzima, mwenye elimu, amekaa na kalamu akaniwaza mimi, akaona kitu ambacho mimi mwenyewe sikukiona.

Baba alipangusa macho, akaniuliza, "Unasemaje, mwanangu?"

Nikasema, "Nitabaki, baba."

Hakuna aliyenilazimisha. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi baadaye.

Mwezi mmoja baadaye Eliwaza, binti wa dada yake Mwalimu, aliteremka Makanya kupanda treni. Mwalimu alitueleza kwamba Wazungu wangeichukua nafasi isipojazwa, na Eliwaza alikuwa amefuata baada yangu kwenye mtihani, jambo ambalo lilikuwa kweli. Nilimsindikiza. Nilimbebea ndizi zake mpaka mahali njia inapoanza kuteremka, nikamwambia asome na kwa ajili yangu.

Miaka iliyofuata sikuwa mtu wa huzuni. Nataka hili lieleweke. Nililea, nikalima, nikapika, na nilifanya hivyo nikiwa na fahari. Karatasi yangu ilikaa kwenye Biblia. Watu waliniita Nakundwa wa shairi, na wageni walipokuja kijijini waliletwa kwetu niwasomee. Wachumba wawili walikuja. Nikawaambia wadogo bado hawajakua, na wote wawili wakaondoka wakinisifu. Mwalimu alipopita njiani alisimama kuniuliza hali ya moto. Nilijibu kwamba unawaka, na nilijisikia mrefu.

Wadogo wa kiume walikua wakaenda kazini kwenye mashamba ya mkonge. Naelijwa alikuwa na kichwa chepesi, na zamu yake ilipofika alifaulu kwenda shule ile ile ambayo mimi sikwenda. Safari hii hapakuwa na shairi. Nilimpeleka mwenyewe mpaka stesheni.

Likizo yake ya mwaka wa tatu alikuja akipanda mlima mbio. Hata mzigo hakuutua. Alinishika mikono, akaniambia kwamba Wazungu wamelichapa shairi langu. Shuleni kwao kulikuwa na sanduku la vitabu vya zamani vilivyotolewa msaada kutoka Marekani, na katika kimoja chao, kitabu cha mashairi ya kusomwa nyumbani, alikuwa amelikuta. Alikuwa amelinakili kwenye daftari kwa Kiingereza. Alidhani sifa ya Mwalimu imevuka bahari. Alikuwa amewaambia wasichana wote bwenini kwamba shairi hilo ni la dada yake.

Tulikaa kizingitini, akanitafsiria mstari kwa mstari, nami nimeshika karatasi yangu. Maneno yalikuwa yale yale. Pale kwangu palipokuwa na ukungu juu ya paa, kwake palikuwa na theluji. Migomba ilikuwa miti ya matunda ambayo hatukuijua. Mafiga yangu yalikuwa dohani ya matofali. Msichana hakuwa na jina.

Nilimwuliza kitabu kilichapwa lini. Alikuwa msichana makini, alikuwa ameuandika na mwaka. Mwaka huo Mwalimu hakuwa amezaliwa. Na kwa hesabu yetu, labda hata baba yake.

Naelijwa alikuwa bado anatabasamu aliponitazama usoni, na nikamwona anaelewa. Akafunga daftari. Nikamwuliza kama kuna kingine. Hakutaka kusema, nikamlazimisha. Mwanzoni mwa kitabu, alisema, kulikuwa na habari za mtunzi, bibi mmoja. Aliondoka kwao akiwa msichana, akaenda mji mkubwa, akaishi kwa kalamu yake mpaka uzeeni. Hakuolewa. Alikuwa na mpishi.

Usiku na mchana wa siku zile sikumbuki nilichofanya. Nakumbuka nilipika, kwa sababu walikula.

Bado nilimtetea. Nilijiambia kwamba mtu akiona shairi zuri na mtoto mwenye msiba, anaweza kumpa lile alilo nalo, kama jirani anayeleta chakula kilichopikwa na mkewe. Nilijiambia neno "nimemwandikia" lina maana mbili, na yeye aliandika kweli, kwa mkono wake. Nilikuwa nimeanza kuamini hivyo mpaka nilipokutana na Eliwaza. Wakati huo alikuwa mwalimu huko Kighare, kaskazini ya Pare, na alikuja kijijini kwa harusi ya ndugu. Nilimpa daftari la Naelijwa alisome. Alisoma ubeti mmoja tu, akalirudisha.

Akasema, "Nakundwa, sare yangu ilishonwa wiki ile ile ya msiba. Mjomba alileta kitambaa mama yako hajazikwa."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia siku ile nilipombebea ndizi. Alisema alikuwa na miaka kumi na minne na alitaka kwenda. Na mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na nilitaka kwenda.

Baba nilimwambia mimi mwenyewe. Alikuwa mzee, na alikuwa amekwisha kuagiza kwamba shairi lile lisomwe siku atakayozikwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua muda mrefu kutafuta fimbo yake ambayo ilikuwa mkononi.

"Na wewe mwenyewe," akauliza, "ulitaka kwenda?"

"Nilitaka, baba."

"Shangazi yako alikuwa ameshatandika kitanda cha watoto," akasema. Halafu akaniambia niende nikamwulize Mwalimu kwa nini. Angekwenda yeye, alisema, lakini angempiga, na si vizuri wazee wawili kupigana.

Mwalimu wakati huo alikuwa amestaafu na kuhamia Same, chini kwenye joto na vumbi, kwenye nyumba ya bati si mbali na reli. Mjini kote watu walizungumza juu ya Mwingereza kuondoka, vijana wakiuliziana kadi za chama barabarani. Mama Mwalimu alikuwa uani kwenye mkeka, anachambua choroko. Nilimwamkia, akanishika mkono muda mrefu, akaniambia nipite ndani, lakini nijue kwamba mumewe haoni tena.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha uvivu, kaptura bado imepigwa pasi, kitabu kiko magotini bila kitambaa. Nilisema shikamoo. Aliitika marahaba, akageuza uso kuelekea sauti yangu, akasema, "Nakundwa wa shairi."

Sikuzunguka. Nilimweleza habari za daftari la Naelijwa, sanduku la vitabu, na kitambaa cha sare. Nilitegemea akane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za kijijini, akasema alijua siku moja mmoja wetu angesoma kiasi cha kukifikia kitabu, na kwamba yeye ndiye aliyetufundisha kusoma. Halafu akainama mbele kidogo.

"Ile theluji," akasema. "Uliionaje nilivyoifanya ukungu?"

Alitaka kusifiwa. Aliuliza kwa unyenyekevu, kama mwanafunzi anayeleta kazi yake. Na ubaya ni kwamba ilikuwa kazi nzuri, nzuri kuliko ya yule bibi, nami nilimwambia hivyo kwa sababu ni kweli. Uso wake ukang'aa. Nikamwambia kwamba baba anataka kujua kwa nini.

Treni ya mizigo ilipita, akasubiri iishe.

"Eliwaza hakuwa na baba," akasema. "Dada yangu hakuwa na kitu. Nafasi ilikuwa moja."

"Ungemwomba baba. Ungeniomba mimi."

"Ungekataa. Ulikuwa bora kuliko yeye, na ulikuwa unajijua. Mtoto wa kawaida ningemwambia maneno ya kawaida. Kwako ilibidi liwe shairi."

Alisema hivyo kwa upole, na nadhani alifikiri ananisifu. Nilikaa nikitazama mikono yake juu ya kitabu, mikono safi, na nikatambua kwamba miaka yote ile alinifahamu vizuri kuliko mtu yeyote, kuliko hata mama yangu. Kuhusu hilo sikuwa nimekosea. Alikuwa ameniwaza kweli, kwa makini, akiwa na kalamu mkononi, akitafuta mahali pa kunishika.

Nilimwambia nitapeleka jibu hilo kama lilivyo. Akaniomba nisiondoke haraka. Alisema kuna shairi moja hajawahi kumsomea mtu, alilolitafsiri macho yakiwa yanafifia, na amekuwa akiniwekea mimi. Kitabu hakukifungua. Alinyoosha mgongo, akaanza, chini chini, polepole: mzee aliyemkosea mwanawe, miaka imepita, mwana anarudi siku ya mvua na kumkuta ameketi peke yake.

Lilikuwa zuri. Ubeti wa pili machozi yalikuwa yanakuja yenyewe, kama yalivyokuja nyumbani kwetu nikiwa nimempakata Naelijwa. Niliinuka. Nilivua viatu nisisikike kwenye sakafu, nikatoka nimevishika mkononi, naye akaendelea kusoma akiwa ameelekeza uso pale nilipokuwa nimekaa.

Uani Mama Mwalimu aliniona nikiwa pekupeku, akasogea kwenye mkeka kunipisha.

"Ni la yule mzee na mvua?" akaniuliza.

Nikamwambia ndilo.

"Amemsomea kila anayekuja tangu Pasaka," akasema.

Nikakaa. Alinisogezea ungo, tukachambua choroko pamoja, tukitupa mawe upande mmoja. Sauti ndani ilifika kwenye fundisho, ikapungua, ikanyamaza. Tukamsikia akisogea kwenye kiti.

"Unalionaje, Nakundwa?" akauliza.

Mama Mwalimu alinitazama, nami nikamtazama. Tukarudi kwenye choroko.